Sarafu ya Ukumbusho Hupata Wapi Bei Yake?

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule huzunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi. Mwenye sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, au ile ya shilingi tano ya pembe saba ya enzi za Moi, apige namba fulani, maana kuna mnunuzi anayelipa mamia ya maelfu. Watu wanapekua droo, wanamwaga mikebe ya vifungo kitandani, wanafungua pochi za marehemu nyanya. Anayepiga simu huambiwa atume kwanza ada kidogo ya "usajili" kwa M-Pesa, na mnunuzi haonekani tena.

Sarafu ya 40 ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni ya metali mbili, pete ya nje rangi moja na kitovu rangi nyingine, na haina fedha (silva, ile metali nyeupe) hata chembe. Ni ya ukumbusho kweli, ila ilitoka kwa wingi na watu wengi waliiweka kando wasiitumie. Ndiyo maana mpaka leo zimejaa majumbani.

Niseme mapema ninachoamini, kisha nieleze kwa nini. Sarafu iliyotengenezwa ili watu waihifadhi mara nyingi haiwi adimu, kwa sababu watu waliihifadhi. Ile iliyotengenezwa ili itumike sokoni ndiyo hulika, hupotea na kuyeyushwa, na chache zinazobaki nzima ndizo watu huzigombania. Sarafu za ukumbusho za fedha ziko katikati ya mambo haya mawili, na ndiyo maana bei zake huwachanganya hata watu wenye akili timamu.

Bei tatu katika sarafu moja

Kila sarafu ya fedha ina bei tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake, au ile sheria inayoipa: shilingi 25, dola 10, mark 10. Hii kwa kawaida haina maana tena. Ya pili ni bei ya madini: ukiiyeyusha leo, fedha iliyomo inauzwa ngapi? Ya tatu ni kile mkusanyaji anachoongeza juu ya madini kwa sababu anaitaka sarafu hiyo na si nyingine.

Bei ya pili unaweza kuipiga hesabu mwenyewe ukiwa umesimama kwenye kaunta. Chukua uzito, zidisha kwa usafi, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Sarafu kubwa ya ukumbusho ya Uingereza iitwayo crown, toleo la fedha, ina gramu 28.28 na usafi wa 925 kwa 1,000. Hiyo ni gramu 26.16 za fedha halisi. Tukisema, kwa mfano tu, gramu moja ni KSh 150, madini yake ni kama KSh 3,900. Sonara hatakupa zote, kwa kuwa naye ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha, na anataka faida yake.

Jihadhari na vipimo. Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi ya troi, ambayo ni gramu 31.1, si ile aunsi ya jikoni yenye gramu 28.35. Mtu akichanganya hizi mbili anajipunja karibu sehemu moja ya kumi. Masonara wa zamani wenye asili ya Kihindi hapa jijini bado wanaijua tola, ambayo ni gramu 11.66. Si bahati kwamba rupia ya fedha ilikuwa na uzito huohuo: rupia ya India, rupia ya Wajerumani wa Tanganyika, hata ile rupia ya mwaka 1888 iliyotolewa kwa ajili ya Mombasa na kampuni ya Imperial British East Africa, zote zilikuwa tola moja. Mfanyabiashara wa pwani aliweza kupima vikuku kwa kutumia rupia zilizokuwa mfukoni mwake.

Bei ya madini nayo hupanda na kushuka, na inapopanda sana huacha kovu katika ulimwengu wa sarafu. Januari 1980 aunsi ya fedha ilikaribia dola 50, baada ya ndugu wawili matajiri wa Texas, akina Hunt, kununua fedha kwa kiasi cha kutisha. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo soko liliporomoka. Katika miezi ile ya joto, sarafu zisizohesabika ziliingia kwenye tanuri, za ukumbusho zikiwemo. Tangu hapo idadi iliyochapishwa katika orodha za viwanda vya kupiga sarafu si lazima iwe idadi iliyopo duniani, na hakuna aliyehesabu zilizoyeyushwa.

Jina la fedha, mwili wa shaba

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote linahusu crown ya mwaka 1977. Malkia Elizabeth wa Pili alipata habari za kifo cha baba yake mwaka 1952 akiwa hapa Kenya, na miaka 25 baadaye Uingereza ilisherehekea jubilii ya fedha ya utawala wake. Sarafu zake zilifika Nairobi mikononi mwa wageni, wafanyakazi wa mashirika, na Wakenya waliosoma huko. Leo zinatokea kwenye vibanda na mitandaoni zikiuzwa kama fedha, eti kwa sababu jubilii ilikuwa ya fedha.

Zile za kawaida, ambazo zilitoka milioni 37 hivi, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Toleo la fedha lipo pia, lakini ni chini ya laki nne, nalo liliuzwa kwa wakusanyaji ndani ya kasha. Mchoro ni uleule: Malkia juu ya farasi. Hakuna alama yoyote kwenye sarafu inayokuambia ipi ni ipi. Crown ya harusi ya Charles na Diana ya mwaka 1981 ni hivyohivyo. Na ile ya Churchill ya 1965, ambayo watu huishika kwa heshima kubwa, ni ya shaba na nikeli, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 19. Kwa uzoefu wangu ni ngumu kuiuza hata kwa bei ya chai na mandazi.

Utazitofautishaje basi? Mizani peke yake haisaidii, kwa sababu zote mbili zina gramu 28.28 na kipenyo kilekile cha milimita 38.6. Sumaku nayo haisaidii, maana shaba-nikeli haivutwi na sumaku kama ambavyo fedha haivutwi. Sumaku hukusaidia kukamata chuma kilichopakwa rangi, basi.

Njia nzuri ni ya maji, na unaifanya mezani kwako. Unahitaji mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize izame yote, lakini uishikilie ining'inie: isiguse chini wala kando ya glasi. Soma namba. Namba hiyo ndiyo uzito wa maji ambayo sarafu imeyasukuma, na kwa maji gramu moja ni sawa na sentimita moja ya ujazo. Crown ya fedha itakuonyesha kama 2.7. Ya shaba-nikeli itakuonyesha kama 3.2, kwa sababu fedha ni nzito zaidi kwa ujazo uleule. Tofauti hiyo ya nusu gramu huimaliza kesi ambayo watu wawili wangebishana hadi jioni. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, usisugue. Na usifanye jaribio hili kwa sarafu iliyo bado ndani ya kidonge chake cha plastiki (kikasha cha mviringo), iliyong'arishwa kiwandani kama kioo. Hiyo waachie wenye mashine za kupima madini.

Ukanda wetu una mifano yake pia. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za fedha za uhifadhi wa wanyamapori, shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru. Kila moja ilitoka kwa namna mbili: moja ya usafi wa 500 kwa 1,000 na nyingine ya 925, iliyokuwa na mng'ao wa kioo. Picha moja, mwaka mmoja, na moja ina fedha karibu maradufu ya mwenzake. Anayeuza bila kutaja ni toleo lipi ama hajui ama anajua sana.

Uganda ilikuwa imetangulia. Papa Paulo wa Sita alipofika Kampala mwaka 1969, papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika, ilitolewa seti nzima ya sarafu za fedha kuanzia shilingi 2 hadi shilingi 30. Ile ya 30 ina gramu 60. Ukiishika mkononi unajua umeshika kitu. Zilipigwa kwa idadi ndogo, na zina wanunuzi wa aina mbili wasiojuana: wakusanyaji wa sarafu za Afrika, na Wakatoliki wanaokusanya chochote kinachohusu mapapa. Hilo la wanunuzi wa aina mbili lina uzito mkubwa, na nitalirudia.

Wangapi wanayo, wangapi wanaitaka

Ukitaka kuona jinsi madini yasivyoamua bei, tazama sarafu mbili za Marekani. Zote ni nusu dola, zote zina gramu 12.5, zote zina usafi wa 900 kwa 1,000. Fedha iliyomo ni ileile, gramu 11.25.

Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1892 na 1893 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago ya kuadhimisha miaka 400 tangu safari ya Columbus. Ndiyo sarafu ya kwanza ya ukumbusho ya Marekani. Iliuzwa kwa dola moja, mara mbili ya thamani yake, ili kuchangia maonyesho. Walitengeneza karibu milioni tano. Watu hawakununua kama ilivyotarajiwa, hivyo karibu nusu zikayeyushwa na nyingi za zilizobaki zikaachwa zizunguke kama pesa ya kawaida. Leo ile iliyochakaa bei yake haiko mbali na ya madini, ingawa ina umri wa zaidi ya miaka 130.

Ya pili ni ya mwaka 1928, ya kuadhimisha miaka 150 tangu kapteni James Cook afike Hawaii. Zilitengenezwa elfu kumi tu, zikauzwa dola mbili. Leo ikiwa katika hali nzuri inapita dola elfu moja.

Ya 1928 ni changa kwa zaidi ya miaka thelathini. Tukio lake si kubwa kuliko la Columbus. Kilichoipandisha ni kwamba ni chache, na kwamba kila anayekusanya mfululizo wa sarafu za ukumbusho za Marekani analazimika kuwa nayo, la sivyo seti yake ina shimo. Hapa ndipo wengi hupotea: uchache peke yake hautoshi. Ziko sarafu na medali zilizotengenezwa mia mbili au mia tatu ambazo hazina mteja hata mmoja, kwa sababu hakuna anayejaza seti inayozihitaji. Uchache bila wanaotafuta ni kama duka la pekee katika kijiji kilichohamwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Canada ilipokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Montreal ya 1976 ilitoa sarafu 28 za fedha, za dola 5 na dola 10, na zile za dola 10 ni kubwa mno, gramu 48.6 kila moja. Zilinunuliwa kwa furaha, zikawekwa makabatini zikiwa na makasha yake, na nyingi mno bado zipo. Zinauzwa kwa bei ya madini na kidogo juu. Si mbaya kuwa nazo. Ila aliyenunua akitegemea kuwa Olimpiki itazipandisha amesubiri bure kwa nusu karne.

Hata kisa kizuri hakitoshi. Ujerumani Magharibi ilitoa mark 10 za fedha kwa Olimpiki ya 1972, na toleo la kwanza liliandikwa kwamba michezo inafanyika "katika Ujerumani". Ujerumani Mashariki ikalalamika, maana nayo ilikuwa Ujerumani. Maandishi yakabadilishwa kuwa "katika München". Ni kisa cha vita baridi ndani ya sarafu moja, na napenda kukisimulia. Lakini zile zenye maandishi ya kwanza zilitoka milioni kumi, kwa hiyo unaweza kuipata leo bila kuumia.

Siku hizi kuna aina nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuielewa vizuri. Utaona sarafu safi ya aunsi moja yenye tembo, imeandikwa jina la Somalia na thamani ya shilingi 100, mchoro ukibadilika kila mwaka tangu 2004. Imetengenezwa katika kiwanda cha serikali ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, na soko lake liko Ulaya, Marekani na Asia. Hakuna muuza samaki wa Mogadishu aliyewahi kupewa. Rwanda nayo ina mfululizo wake wa aunsi za wanyama, ulioanza na sokwe wa milimani mwaka 2008. Sizidharau, fedha yake ni ya kweli na michoro inapendeza. Ila mtu akikuambia ni "sarafu ya kihistoria ya Somalia" jua kwamba historia yake ni ya kiwandani. Zinazopanda ni zile za miaka ya mwanzo, kabla watu hawajajua watazitaka.

Sasa linganisha na shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya simba aliyesimama mbele ya milima, iliyoanza mwaka 1921. Si ya ukumbusho hata kidogo. Ina robo tu ya fedha, 250 kwa 1,000, yaani gramu mbili hivi kwa sarafu nzima. Kwa bei yetu ya mfano, madini ni chini ya KSh 300. Ilitumika kwa mishahara na kodi, kwenye maduka ya Wahindi na masoko ya ng'ombe, na hakuna aliyeiweka kando ikiwa mpya. Toleo la fedha liliendelea mpaka 1946. Kuanzia 1948 ikawa shaba-nikeli. Iliyochakaa hainunuliwi kwa pesa nyingi. Lakini ile ya miaka ya ishirini ambayo nywele za shingo ya simba bado zinahesabika moja moja ni kitu kingine kabisa. Na kabla yake kulikuwa na florini ya mwaka 1920, ambayo iliondolewa haraka shilingi ilipoingia. Pesa iliyodumu muda mfupi namna hiyo huacha mabaki machache.

Ukipata shilingi za miaka ya arobaini, tafuta herufi ndogo: H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, I ni ya Bombay, SA ni ya Pretoria. Vita vya pili vya dunia vilitawanya kazi ya kupiga sarafu zetu katika mabara matatu, na idadi zilizotoka kila mahali hazikulingana. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na bei tofauti kwa sababu ya herufi moja tu.

Na umri? Muulize mwenye riale ya Maria Theresa. Imeandikwa 1780, na kila mtu anayeirithi hudhani ana kitu cha karne ya kumi na nane. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo, na tangu hapo sarafu imeendelea kupigwa Vienna, na kwa nyakati mbalimbali London, Roma, Bombay na kwingineko, tarehe ikibaki ileile kwa sababu wafanyabiashara wa Ethiopia, Uarabuni na pwani yetu hawakutaka nyingine. Ina gramu 28 za usafi wa 833. Nyingi zinauzwa kwa bei ya fedha, na wataalamu ndio hutambua matoleo machache ya zamani kwa kuhesabu lulu za bruchi ya malkia na manyoya ya tai aliye upande wa pili.

Dawa ya meno

Hali ya sarafu ndiyo inayoweza kuifanya moja iwe na bei mara kumi ya mwenzake wa mwaka uleule. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, ambacho kilianzia Marekani. Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, hukagua sarafu, huipa namba na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa sarafu ya bei ndogo haina haja. Gharama ya kuituma na kuirudisha itaimeza. Na vifungashio bandia vipo, kwa hiyo namba ya cheti ihakikiwe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwa maneno ya muuzaji.

Ila adui mkubwa wa sarafu hapa Nairobi hatoki nje. Ni sisi na usafi wetu. Mtu amerithi sarafu nyeusi, anaona aibu kuipeleka sokoni ikiwa chafu, anachukua dawa ya meno na mswaki wa zamani. Wengine hutumia majivu, limau, steelwool ya sufuria. Dakika tano baadaye inang'aa, naye amepoteza nusu ya bei au zaidi.

Weusi ule si uchafu. Fedha ikikutana na salfa iliyo hewani hufanya utando mwembamba juu ya uso wake. Utando ukija taratibu, kwa miaka, huwa na rangi: manjano ya asali, zambarau, samawati kwenye ukingo. Kuna wanaolipa zaidi kwa ajili ya rangi hizo. Dawa ya meno ina chembe za kusugua. Chini ya kioo kinachokuza mara kumi, sarafu iliyosuguliwa ina mikwaruzo midogo inayokimbilia upande mmoja, na mng'ao wake ni bapa, hauzunguki ukiigeuzageuza kwenye mwanga. Sarafu ambayo haijaguswa, ukiizungusha chini ya taa, mwanga hutembea juu yake kama miale. Mng'ao huo ulitokana na metali kutiririka chini ya shinikizo la mashine siku ilipopigwa, na hakuna njia ya kuurudisha.

Kwa hiyo usiisafishe. Ishike kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa, kwa sababu alama ya kidole kwenye uso unaong'aa huja kuonekana miaka miwili baadaye na haitoki. Usiifunge kwa mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, nao huacha mstari mweusi katikati ya uso wa mfalme. Gazeti na katoni za kawaida nazo zina salfa. Zile mifuko laini za plastiki zenye harufu, kama pazia jipya la bafu, ni mbaya zaidi: hutoa umajimaji wa kijani unaokula metali. Tafuta vidonge vya plastiki ngumu au karatasi ngavu isiyo na harufu, weka ndani pakiti ndogo ya kukausha unyevu kama zile za kwenye boksi la viatu, na uweke mbali na jiko la mkaa. Nairobi ina nafuu kwa hewa yake ya baridi na kavu kiasi. Ndugu zetu wa Mombasa, wenye upepo wa chumvi, wana kazi zaidi.

Sarafu iliyotobolewa au iliyochomelewa kishikio ili ivaliwe shingoni ina thamani ya pambo na ya ukoo, na hiyo inaweza kuwa kubwa kwa mwenyewe. Kwa mkusanyaji imeshuka hadi bei ya madini.

Kununua na kuuza

Soko letu ni dogo. Vibanda vya Maasai Market vinauza senti za tundu zilizotungwa shanga kwa watalii, na mara moja moja kitu cha maana kinajificha humo. Masonara hununua kwa uzito. Wakusanyaji wa kweli wanajuana, wengi wao wanaonana mitandaoni, na mnunuzi bora wa sarafu yako ya Uganda huenda yuko Roma au Frankfurt. Ndiyo sababu nilisema wanunuzi wa aina mbili ni jambo zito: kinachotakiwa na watu wa kada tofauti hakikosi pa kwenda.

Unapotafuta bei, usitazame ile ambayo watu wanaitisha. Tazama ile iliyolipwa. Tovuti kubwa za mnada zina sehemu ya bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na nyumba za mnada huchapisha matokeo yake. Sarafu inayoitishwa KSh 500,000 kwa miaka minne mfululizo haina bei ya KSh 500,000. Ondoa pia ada ya mnada, posta na bima, kisha uone kinachobaki.

Kuna suala la katiba linalozua matumaini yasiyo na msingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za Kenya, na tangu Desemba 2018 tuna twiga, kifaru, simba na tembo. Wengine wanasema basi sarafu zenye sura za Kenyatta, Moi na Kibaki zitageuka mali ya thamani kubwa. Mlango umefungwa kweli, hakuna zitakazoongezwa. Lakini ziko mamilioni kwa mamilioni kwenye mikebe. Za dhahabu za Mzee Kenyatta za mwaka 1966, shilingi 100, 250 na 500, hizo ni habari nyingine, na hata kwa madini tu zina uzito wake.

Sheria nyingine inawagusa wachache lakini inawagusa kwa nguvu. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi za kitaifa inahesabu kama kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 iliyokuwa hapa tangu wakati huo iko ndani ya mpaka huo. Kabla ya kuifunga kwenye bahasha kumpelekea mnunuzi wa London, nenda kwanza Makumbusho ya Taifa, uliza kwa maandishi, na upate jibu kwa maandishi. Barua hiyo iweke pamoja na sarafu, pamoja na risiti yako ya ununuzi na kipande cha karatasi chenye uzito, usafi na mahali ulipoitoa, ili siku mwanao atakapoipata kwenye droo asilazimike kupiga ile namba ya WhatsApp.